Mlenda wa Kwenye Glasi

Leo nimeumbuka. Pole zenu mziweke kwanza, nisikilizeni.

Mnanijua na blenda yangu. Mwezi mzima nimewachosha kwenye grupu hili: kukamua juisi ni kutupa chakula, makapi ndiyo yenye faida, saga kila kitu unywe. (Profesa wa matunda, Bariadi nzima.)

Asubuhi mke wangu, Kulwa, akiwa kazini, mama yake akaingia kutoka Nkololo bila taarifa. Sasa kwetu Wasukuma mama mkwe hashikwi mkono, hakatizwi maneno, wala hukai naye meza moja. Nikainama kwa mbali, nikamwamkia, "Mwangaluka, mayu," nikakimbilia jikoni kumpigia Kulwa.

Akasema mkamulie nanasi, chuja vizuri, mpe juisi nyepesi, chakula atakuja kupika mwenyewe. Nichuje? Mimi? Nikatupia kwenye blenda mchicha, tango, parachichi na ndizi mbivu. Ikatoka nzito, ya kijani, inavutika. Nikajaza glasi kubwa, nikamwekea mezani, nikajibanza nyuma ya mlango kusubiri sifa.

Mama mkwe akaitazama. Akaizungusha. Akaomba maji ya kunawa. (Hapo mwenye akili angeshtuka.) Akafungua mkoba, akatoa ugali wa jana aliofunga kwa ajili ya safari, akamega tonge, akachovya kwenye glasi. Akala mpaka glasi ikawa nyeupe.

Kisha akampigia baba mkwe. Huyu mama akiongea na simu utadhani anaita ng'ombe.

"Baba Kulwa, mtoto ana shida huku. Mlenda wanakula kwa glasi, wameutia utamu ili ushuke wenyewe. Ugali hakuna kabisa. Nimekula wangu."

Nimkatize mkwe? Naanzia wapi? Nikabaki nyuma ya mlango.

Alasiri bodaboda ikapiga honi nje. Gunia la mahindi, zima, kutoka Nkololo. Majirani wakatoka, Kulwa naye ndiyo kwanza anarudi kutoka kazini. Dereva akauliza mbele ya wote, "Ni hapa kwa mkwe mwenye njaa?"

Kulwa akanitazama. Mama yake akatazama chini, kwa huruma.

Nikaitikia, "Ni hapa." Kusema kweli, tangu asubuhi nilikuwa nimekunywa glasi moja tu, na tumbo lilikuwa linanguruma.

Anayetaka blenda aje aichukue. Iko juu ya gunia.