Uchakavu wa Tangi la Kwambele

Napenda kuutaarifu umma, kwa furaha na unyenyekevu mkubwa, kwamba ofisi yetu imekuwa ya kwanza katika ukanda huu kuanzisha Kitengo cha Uchakavu, na kwamba mratibu wake ni mimi, Mhina. Wapo wanaosema kitengo hiki hakina kazi. Hao hawajui utawala. Kujenga anaweza yeyote mwenye tofali, lakini kuchakaa kunahitaji usimamizi.

Chanzo chake ni mradi wa maji wa Kwambele, kijiji kidogo kilichoko mbele ya Kang'ata. Kwa miaka mingi taarifa zetu zilieleza kwamba huduma ya maji Kwambele imesitishwa kutokana na uchakavu wa miundombinu. Ni maneno yaliyonyooka, na hakuna aliyewahi kuyahoji. Yalikuwa na kasoro moja tu: miundombinu yenyewe haikuwahi kujengwa. Fedha zake zilielekezwa kwenye maendeleo mengine, yakiwemo ya mkuu wetu wa idara, Bwana Lukasi.

Tuliishi kwa amani mpaka wizara ilipotaka picha za uchakavu huo. Maelezo wanayo, walisema. Wanataka picha.

Bwana Lukasi aliniita ofisini akajifuta jasho kwa tai.

"Mhina, kabla ya Ijumaa tunatakiwa tuwe na uchakavu."

"Uchakavu wa nini, Mkuu?"

"Wa tangi."

"Lakini tangi hatuna."

"Ndiyo maana nakuteua kuwa mratibu. Ukichemka, kazi huna, na utakuwa umechemka peke yako."

Nilishukuru kwa uteuzi. Kisha nikapanda basi kwenda Korogwe, mtaa wa Masuguru, kwa binti mmoja anayeitwa Zamda, ambaye nilisikia anatengeneza vitu vipya vikaonekana vibovu. Mtu wa namna hiyo serikalini tungempa gari.

Nilimkuta uani, meza yake imejaa mji mzima wa sayari ambayo haiko chini ya wizara yoyote. Kulikuwa na minara iliyopinda, mabomba yaliyopasuka, maghorofa yaliyoungua nusu, na majani ya zambarau aliyoyatengeneza kwa nyuzi za katani. Akanieleza kuwa Dar wapo watu wazima, wenye kazi zao, wanaokaa kuizunguka meza, wanatupa dadu na kupigana vita vya anga za mbali kwa askari wa plastiki wenye urefu wa kidole gumba. Askari hao lazima wawe na mahali pa kujificha. Mahali hapo ndiyo kazi yake.

"Shikamoo mzee. Unataka uwanja wa vita?"

"Marahaba. Nataka tangi la maji. Bovu."

"Bovu kiasi gani?"

"Kiasi cha kuridhisha wizara."

Akachukua kopo la maziwa ya unga, akalipachika miguu sita ya vijiti na mabomba ya mirija ya soda. Akalipaka lote rangi nyeusi, juu yake kijivu. Kisha akazimua rangi ya kahawia kwa maji mengi na kuiacha itiririke yenyewe kwenye kila mfereji na kila kona. Ilipokauka, akapitisha brashi kavu kwenye kingo, taratibu, kama anayepangusa vumbi. Mwisho akachekecha udongo mwekundu, akauchanganya na gundi, akaugusisha chini ya kila msumari. Kutu ikaota mbele ya macho yangu. Sijawahi kuona ufisadi safi kiasi kile.

"Kwa nini usiviache vikiwa vipya?" nikamuuliza.

"Mzee, hapo vita vimepita. Kitu kipya kwenye vita kinatia shaka."

Niliiona hoja hiyo ina mashiko, hata kwa idara yetu.

"Bomba ngapi za kuchotea?" akauliza. "Mbili zinatosha?"

"Weka sita! Taifa kubwa halichakai kidogo kidogo."

"Sawa, boss. Kwani hao watu wa Kwambele wanakunywa nini?"

Nikamwambia hilo liko chini ya kitengo kingine.

Kesho yake tulikwenda Kwambele kupiga picha. Zamda aliliweka kopo juu ya jiwe, akalala kifudifudi na simu yake, vilima nyuma, mbingu juu. Kwenye kioo cha simu tangi lilikuwa kubwa kama ghala la mkonge. Nilitokwa na machozi ya uzalendo.

Hapo akapita mama mmoja wa Kimaasai, Nkasiogi, na punda watatu waliobeba madumu. Akasimama.

"Hilo ndilo tangi letu?"

"Ndilo, mama."

"Mbona dogo?"

"Limesinyaa kwa ukame."

Akaliangalia, akaniangalia mimi. "Tangu alfajiri natafuta maji na hawa punda. Wewe umetoka mjini kuja kupiga picha kopo?"

Nakiri niliumia. Halikuwa kopo tena, lilikuwa miundombinu. Lakini Zamda alikwishainuka, akamfuata yule mama, wakazungumza pembeni kwa muda mrefu huku Nkasiogi akitikisa kichwa. Sikuingilia, maana yalikuwa mambo ya wananchi.

Picha ilikwenda wizarani. Wiki mbili baadaye aliteremka kutoka Dodoma mkaguzi, Mama Yusta, mwanamke mwenye sauti ya chini na miwani mizito. Alitandaza picha mezani kwa Bwana Lukasi.

"Kazi nzuri. Huyu aliyesimama chini ya tangi ni nani?"

Tukainama. Zamda alisahau askari wake mmoja.

"Mlinzi wa mradi," nikasema.

"Ana mikono minne."

"Ni mchapakazi, Mama."

Mama Yusta alitikisa kichwa kwa kuridhika. Nilifurahi kuona wizara ina watu wasio na maswali mengi. Kisha akataka kupelekwa kwenye tangi.

Tulifika Kwambele. Palikuwa na jiwe, na punda.

"Liko wapi?"

Bwana Lukasi akanitazama kwa jicho la kazi huna. Nikajikaza.

"Uchakavu umekamilika, Mama. Limechakaa mpaka limeisha."

"Lote?"

"Na msingi."

Mama Yusta akavua miwani, akaifuta, akairudisha.

"Bwana Lukasi, tangi hili lilikuwepo?"

Hapo ndipo nilipoona ukubwa wa shimo tulilochimba. Akisema halikuwepo, atalala ndani kwa fedha zilizoliwa. Akisema lilikuwepo, basi ameacha mali ya umma ichakae mpaka iyeyuke.

"Lilikuwepo, Mama. Lilikuwa zuri sana."

"Vizuri. Basi mtalikarabati kwa gharama zenu wenyewe, lirudi kama lilivyo kwenye picha. Kama lilivyo! Miguu sita, bomba sita."

Bwana Lukasi aliuza lori lake. Mimi, kama mratibu, nilishika koleo. Fundi aliitazama ile picha akauliza kama hili ni tangi au ni chombo cha kwenda mwezini, nikamwambia ajenge tu asituletee siasa. Mama Yusta alikuja kukagua, akatukuta kiunoni ndani ya mtaro.

"Nimekagua nchi nzima," akasema. "Huu ndio ukarabati wa kwanza kuuona ukianza kwa kuchimba msingi."

Siku ya uzinduzi maji yalitoka. Watu walipiga vigelegele, watoto wakalowa, na mimi, sitaki kuficha, nilifurahi kuliko siku niliyoteuliwa. Bwana Lukasi naye alianza kutabasamu, akaomba kipaza sauti azungumzie mafanikio ya uongozi wake.

Lakini kipaza sauti alikuwa nacho Nkasiogi.

"Tunaishukuru serikali kwa ukarabati," alisema. "Sasa tunaomba mtutazame na zahanati yetu. Nayo imechakaa sana."

Kwambele haijawahi kuwa na zahanati. Hata hivyo alikuwa na picha, akampa Mama Yusta. Nilichungulia. Kuta zimefanya nyufa, dirisha limening'inia kwa bawaba moja, bati lina kutu chini ya kila msumari. Na mlangoni kulikuwa na jiwe la msingi, herufi zimefifia vizuri mno, zinasomeka: Limewekwa na Bwana Lukasi.

"Mhina," Bwana Lukasi alininong'oneza, "mimi niliwahi kuzindua zahanati?"

"Jina lako?" Mama Yusta alimuuliza mbele ya watu wote.

Bwana Lukasi aliitazama picha, akalitazama tangi. Kusema kwamba picha inaweza kudanganya hakuweza, maana wa kwanza kudanganywa na picha ilikuwa wizara.

"Ni langu," akasema.

Makofi yalilipuka. Nyuma ya Nkasiogi kulikuwa na foleni ya watu wa vijiji jirani, wameshika simu zao: wapo waliokuwa na daraja lililochakaa, wengine shule, wengine josho la ng'ombe. Zamda alikuwa bombani ananawa rangi mikononi, anacheka na punda.

Bwana Lukasi alinyoosha mkono kupokea kipaza sauti. Mama Yusta akampa jembe.