Firigisi ya Gladwell

Jumatatu, 2 Juni

Kikao cha ghafla. Bwana Kinyua, mwenye kiwanda chetu cha chakula cha kuku hapa Kitale, ametangaza kwamba Facebook imebadilika. Algoriti, ile mitambo inayoamua nani aone nini, haitaki tena maandishi marefu. Inataka video fupi na watu wanaojibizana. Kurasa zetu mbili, wa Kitale ninaouandika mimi na wa Bungoma anaousimamia Gladwell, zitaunganishwa. Jumatatu ijayo atabaki msimamizi mmoja.

Makala yangu ya mwisho, kuhusu chokaa katika ganda la yai, yalisomwa na watu kumi na wanne. Watatu ni ndugu zangu.

Jumanne, 3 Juni

Nimetengeneza video. Nimesimama kando ya gunia kwa dakika tisa, nikieleza protini. Katika dakika ya sita nilitabasamu. Watazamaji ishirini na wawili.

Gladwell naye ametoa yake. Sekunde arobaini! Bibi mmoja wa Chwele anampika kuku aliyenona kwa chakula chetu, kisha anaketi na kula firigisi. Yeye mwenyewe. Watazamaji elfu tatu kufikia saa kumi. Nimeitazama mara thelathini na moja, kwa madhumuni ya uchambuzi. Nimejiuliza kama huu ni wivu. Nadhani ni theluthi moja tu, ingawa sina hakika na hesabu hiyo.

Jumatano, 4 Juni

Nimegundua kosa lake. Gladwell ni mtu wa Kiminini, wa wazazi waliohamia kutoka Murang'a. Hajui kwamba kwetu Bungoma firigisi ni ya mwenye nyumba au ya mkwe, na kimila mwanamke haili. Jamii ikikasirika, video itazikwa.

Nimefungua akaunti ya siri, "Mzee Mukhisa wa Mila," na kuandika aya nne za malalamiko. (Nafsi iliniuliza kama mimi sili firigisi. Naila. Lakini si hadharani.) Kisha nikampigia senge Nakhungu, dada ya baba, anayeongoza kikundi cha akina mama Sirisia. Nikamsihi yeye na wenzake wote wakaseme neno chini ya video.

Alhamisi, 5 Juni

Wamesema. Karibu wote wako upande wa bibi. Senge alinipigia kunifahamisha.

"Nangila, huyo mama amefuga kuku miaka arobaini, ati ale shingo tu? Si mumwache akule, bana."

Wanaume wa Webuye wakamjibu senge. Wanawake wa Kimilili wakawajibu wanaume. Mzee Mukhisa ametukanwa mara mia mbili, na kila tusi nimelijibu, kwa heshima, moja baada ya jingine. Maoni elfu moja na mia nne. Watazamaji elfu tisini!

Yaelekea algoriti haitofautishi hasira na upendo. Inahesabu kelele tu. Ikiwa ndivyo, ni mimi ninayeipandisha video ya Gladwell. Wazo hili linahitaji tafakuri ya utulivu. Kwanza nimjibu mtu wa Webuye.

Jumatatu, 9 Juni

Gladwell amepewa kurasa zote. Mimi nimehamishiwa stoo, kuandika lebo za magunia. Bwana Kinyua alimsifu hasa yule mzee mkali aliyewachokoza watu, akaniagiza nimtafute apewe gunia la zawadi.

Gladwell alinishika bega mlangoni.

"Pole, Nangi. Ukweli ni kwamba bila huyo mzee, hiyo video ingekufa Jumanne."

Nikamtazama miguuni. Alikuwa na viatu vipya.

Nimetafakari siku nzima, bila upendeleo, na hitimisho langu, ambalo bado nalipima, ni hili: mbinu ilikuwa sahihi, upungufu ulikuwa katika idadi. Mkosoaji mmoja hawezi kuizika video. Mchana Gladwell ametoa nyingine, ya bata. Nimeshafungua akaunti nane. Wawili kati yao ni wachungaji.