Mbio za Ruiru na Mikebe ya Mburu

Jumapili, 3 Agosti 1958
Nimechoka kabla ya kuanza. Kutwa nzima nimeipunguzia baisikeli uzito. Nimeng'oa madigadi, keria, stendi, kengele, na kile kibati kinachofunika cheni. Imebaki mifupa. Mbio ni Jumamosi ya tarehe 16, Thika hadi Ruiru na kurudi, mara mbili. Atakayeshinda atapewa kazi ya tarishi wa shamba letu la katani. Tarishi! Kaptula ya kaki, mfuko wa barua begani, na hewa safi. Miaka sita nimo katika chumba cha brashi, nasugua katani na kumeza vumbi lake. Usiku nakohoa mpaka majirani wanagonga ukuta. Mke wangu Nduku, nimemsikia akiniombea. Lazima niipate kazi hii.

Kagwe anaitaka pia. Tunasimama meza moja pale kazini. Amekuwa akifanya mazoezi kila jioni tangu Juni. Mazoezi! Mwenye akili ana haja gani ya kutoka jasho?

Jumatatu, 4 Agosti
Msiba. Karani Zacharia, ambaye ndiye msimamizi wa mbio, ametusomea sheria nje ya ofisi. Sheria ya kwanza: wenye baisikeli tupu wataondoka mwisho, na wachukuzi wenye mizigo yao ya kila siku watatangulia kwa saa nzima. Saa nzima! Sikungoja ya pili. Nilikwisha kupata nilichotaka: nitakuwa mchukuzi. Nikaondoka zangu Zacharia angali anasoma.

Nikaenda nyumbani kurudisha vyuma vyangu. Nduku amekwisha kukifanya kibati cha cheni kuwa chombo cha kulishia kuku. Digadi moja limeziba tundu la paa. Aliniambia mimi ndiye niliyeviita takataka, tena kwa kinywa changu mwenyewe. Keria peke yake ndiyo niliyoipata, baada ya kubembeleza sana.

Jumanne, 5 Agosti
Zacharia anasema haitoshi kufunga mzigo siku ya mbio. Mchukuzi lazima awe na wateja wa kumshuhudia. Haya. Nimekwenda Ruiru kumwona Mburu, anayeleta maziwa Thika kila asubuhi. Nimemwambia alale mpaka siku ya mbio, nitambebea. Akaniuliza kama naumwa. Nikasema siumwi. Akauliza kama naumwa kichwani. Halafu akataka kunilipa! Nikakataa katakata, asije akashuku jambo. Nimemzunguka na hana habari. Likizo yangu ya mwaka itaishia huko, lakini mtaka cha uvunguni sharti ainame.

Jumatano, 6 Agosti
Sina mgongo. Sina magoti. Nimetoka Thika jogoo bado amelala, nikafika Ruiru, nikafunga mikebe miwili ya maziwa nyuma na kugeuza. Mtu akikuambia baisikeli ni ya kukupunguzia taabu, mpe mikebe ya Mburu. Kilima cha Ndarugu kimeongezwa urefu tangu mwaka jana, naapa.

Mama Mwanarusi, mwenye hoteli ya chai pale sokoni, aliniambia wateja wake wamekunywa chai ya rangi kwa sababu yangu. Kisha akachungulia mkebe, akauliza nusu nyingine imekwenda wapi. Imo barabarani. Akasema basi watu wa Juja leo wamefagia siagi.

Jumapili, 10 Agosti
Ng'ombe hawajui Jumapili. Kagwe amenikuta kilimani, nimeshuka nasukuma, ulimi nje. Akanipa pole. Akataka kunisaidia. Nikakataa. Akasukuma hivyo hivyo mpaka juu, huku akinisimulia mahubiri ya kanisani. Mtu mbaya sana huyu Kagwe, hata sababu ya kumchukia hakupi.

Jumatano, 13 Agosti
Mambo yanakwenda. Mama Mwanarusi ameniita mwanangu. Ati siku hizi nafika kabla maji yake hayajachemka, na mikebe imejaa hadi shingoni. Atanishuhudia kwa Zacharia. Mpango umekamilika!

Nduku naye anasema siku hizi sikohoi usiku. Nitakohoa saa ngapi nami nalala kama gogo? Miguu imekuwa migumu ajabu. Nafikiri ni ugonjwa.

Jumamosi, 16 Agosti
Sijui nianzie wapi. Asubuhi Zacharia mwenyewe alitujazia mikebe maji badala ya maziwa, akaifunika, tukaachiwa. Nilikuwa nimepanga nibaki nyuma ya wenzangu, ili wasinione nikitekeleza shauri langu. Nikashindwa kubaki nyuma! Kila nikikanyaga pedali, wanazidi kupotea. Nilipogeuza Ruiru mara ya pili nilikuwa peke yangu. Nyuma hakuna mchukuzi, hakuna Kagwe, hakuna mtu.

Mwingine angepumbaa akaendelea tu na safari. Mimi niliukumbuka mpango. Nikapita Juja, nikaingia kwenye mibuni, nikamwaga maji yote. Kumbe mikebe mitupu hupiga kelele kuliko kengele ya shule. Watu wakaanza kutoka majumbani. Nikasimama tena, nikaishindilia majani mpaka ikanyamaza. Nikauvuka Mto Ndarugu nikiimba. Maji tele chini ya daraja, nami naimba!

Nikafika Thika wa kwanza. Watu wakapiga vigelegele. Bwana Meneja alikwisha kunyoosha mkono. Hapo Zacharia akasema ngoja kwanza, kuna sheria ya pili: mchukuzi afikishe mzigo wake. Akafungua mkebe. Akavuta majani, akavuta, akavuta, yakawa hayaishi. Akawatangazia watu kwamba wengine wataleta maziwa, lakini mimi, Kiilu, nimetangulia na chakula cha ng'ombe.

Kagwe na baisikeli yake tupu alifika wa pili, muda mrefu baada yangu. Kazi ni yake. Alininunulia chai kwa Mwanarusi, na chai yenyewe sikuisikia ladha. Nilitaka kulia. Nduku aliyaokota yale majani akampelekea mbuzi. Akasema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Nikamjibu kwamba hizi zilikuwa za barabarani.

Jumapili, 17 Agosti
Mburu amekuja. Anafungua duka Gatongora, na wenye maziwa wananitaka mimi nishike nafasi yake. Mama Mwanarusi ameniomba kwa jina. Mshahara wauzidi ule wa brashi. Nduku alipiga makofi, akasema Mungu amesikia.

Mimi nikafikiri. Sikuiwinda kazi hii. Sikumdanganya mtu kuipata. Tangu lini mtu akapewa kazi kwa sababu anaifanya vizuri? Hapana, hapo pana mtego. Nikamshukuru Mburu kwa adabu, nikamwambia atafute mjinga mwingine.

Nduku akamsindikiza mgeni, na alikawia kurudi.

Alhamisi, 21 Agosti
Siku ya nne tangu nirudi chumba cha brashi. Vumbi ni zito, kifua kinabana. Mahali pa Kagwe pametiwa mgeni asiyejua hata kushika katani. Kagwe mwenyewe amepita na mfuko wa barua, akanisalimia kwa upole wake ule ule.

Baadaye nikatoka mlangoni kupumua, nikaona baisikeli yangu inapita! Nduku amempa mdogo wake, aliyefika juzi kutoka Machakos kutafuta kazi. Mikebe ya Mburu nyuma, shati limejaa upepo, anapiga mluzi. Alinipungia mkono. Nikataka kumwita, kikohozi kikanikamata mpaka nikashika ukuta.

Maskini shemeji! Atapanda kilima kile kila siku ya Mungu, na yote kwa kuwa hana mtu wa kumfumbua macho. Jumapili nitamketisha nimfundishe ujanja.