Mkasi wa Mapazia na Waridi la Krimu

Jumamosi, 2 Machi

Nimenunua mwaridi. Mke wangu hajui. Mama mkwe anajua, maana hakuna kinachoingia nyumba hii bila yeye kukipima kwa macho.

Sababu naiandika hapa isije ikapotea. Juzi tulipita kwa muuza miche, mke wangu akasimama mbele ya picha ya waridi la krimu. Akasimama tu. Mke wangu ni muuguzi. Hasimami, hata chai anaimaliza akitembea. Uso wake ukalegea, kama mtu aliyesikia akiitwa kwa jina lake la utotoni. Kisha akasema twende, ana zamu. Tangu hapo nashona mapazia ya watu, lakini ninachokiona ni uso ule. Nautaka tena, na safari hii unielekee mimi.

Muuza miche alinieleza mambo mengi. Kwamba mche huu ni wa kubebeshwa, kwamba kuna kifundo pale chini ya shina, kwamba kitakachochipua chini ya kifundo... Sikusikia yote. Nilikuwa nawaza mke wangu atasimama wapi siku akiliona. Nadhani mlango wa jikoni, jua likiwa ubavuni.

Jumapili, 3 Machi

Vita. Bustani yetu ina ukubwa wa mlango uliolazwa chini. Ipo kati ya dirisha la jikoni na ukuta wa jirani. Kumbe Mama mkwe, aliyekuja kutusalimia tangu mwaka juzi, alishaitengea mchicha. Alisema kwa upole kwamba ua haliliwi. Mkwe habishiwi. Nilisema ndiyo, Mama, nikaangalia vidole vya miguu yangu.

Mke wangu alitoka usingizini akaamua kesi huku akipiga miayo. Ua likichanua kabla ya mvua kubwa, bustani ni yangu. Lisipochanua, mchicha. Hakuuliza ni ua gani, nami nikaubana mdomo. Mama mkwe alisema sawa, yeye si mtu wa ugomvi. Akaenda kuanika mbegu zake dirishani, pale pale ninapoziona nikiwa kwenye cherehani.

Jumatano, 13 Machi

Jua kali. Mwaridi una kitawi kimoja tu, chembamba, na juu yake tumba dogo la kijani lililoinamisha kichwa. Nikakionea huruma. Nikakitengenezea kivuli kwa pazia jepesi la Mwalimu Mstaafu, mteja wangu, ambaye mapazia yake yamechelewa kidogo. Likapepea vizuri sana. Nikakaa kwenye kiti kulitazama, usingizi ukanichukua. Niliota waridi kubwa kama sahani. Watu walipita nyuma ya ukuta wakiulizana hapa ni kwa nani, wakajibiwa ni kwa fundi. Fundi yupi? Yule.

Aliyeniamsha ni Mwalimu Mstaafu. Alikuwa mlango wa jikoni pamoja na Mama mkwe, wote wawili wakilitazama pazia lake juu ya miba. Mama mkwe ndiye aliyemkaribisha ndani. Alisema si adabu kumsubirisha mgeni nje. Mwalimu ameondoka na mapazia yake yote, yaliyoshonwa na yasiyoshonwa.

Jumapili, 17 Machi

Furaha! Chini kabisa ya shina, karibu na udongo, limechomoza tawi jipya. Nene, jekundu, limejaa miba, na lina haraka ya kwenda juu. Majani yake yanakaa saba saba. Ya kile kitawi cha zamani ni matano matano. Saba ni zaidi ya tano, hilo halihitaji shule. Nimelipa jina: Jemedari.

Ijumaa, 22 Machi

Jemedari kanifika kiunoni. Kitawi kinazidi kukonda, na tumba lake bado limefumba macho. Nimewaza asubuhi nzima, mguu ukiwa kwenye cherehani, mpaka nikagundua uzi ulikwisha zamani na ninashona hewa. Lakini jibu nimelipata. Kitawi kinamnyonya Jemedari. Ndugu mvivu anakula jasho la ndugu mchapakazi. Kila ukoo una mtu wa namna hiyo.

Nilimdokeza Mama mkwe. Alisema hata kilicho kidogo nacho kinahitaji kula. Nikasema ndiyo, Mama. Alipoingia kuoga nikachukua mkasi wa mapazia, nikakikata pamoja na tumba lake, nikakitupa kwenye ndoo ya maganda ya viazi. Mkulima lazima awe na moyo mgumu.

Jumanne, 26 Machi

Jemedari ananikaribia kidevuni. Ametoa miba ya kutosha kijiji kizima. Tumba, hakuna hata moja. Mawingu yanajikusanya, na zile mbegu za mchicha dirishani naona kama zinacheka.

Penye nia pana njia. Nimekumbuka nina kipande cha satini ya krimu. Nimekata petali moja moja, nimezikunja, nimezishona kwa mkono, nikalifunga ua langu kileleni mwa Jemedari kwa uzi wa kijani. Ukiwa mbali, na macho yako nusu, ni waridi. Mke wangu yuko zamu ya usiku wiki hii. Asubuhi hurudi macho nusu. Nimekaa nikilitazama mpaka jua likazama, na kufikia hapo nilishaanza kuliamini. Nadhani hata nililinusa.

Jumatano, 27 Machi

Mvua ya alfajiri. Ndogo, haihesabiki. Lakini ua lilikuwa linaning'inia kama soksi. Mke wangu alipita moja kwa moja hadi kitandani, hakuangalia nje. Nikashukuru. Nikaenda kutafuta sindano, kurudi, ua halipo.

Mchana nimelikuta juu ya cherehani yangu. Limefuliwa. Limepigwa pasi, limekuwa bapa, limekunjwa mara mbili kama leso. Wakati wa chakula Mama mkwe aliniongezea mboga. Aibu niliyoipata nimejaribu kuiandika mara mbili, haiandikiki.

Alhamisi, 4 Aprili

Muuza miche alipita na mkokoteni wake. Nilimwita amwone Jemedari, anieleze namna ya kumharakisha. Alimtazama. Akanitazama mimi. Akacheka mpaka akashika ukuta.

Alisema huu wote ni mwaridi pori. Mizizi ni yake, na kazi yake ni kubeba tu. Waridi la krimu lilikuwa limebebeshwa juu yake, pale kwenye kifundo, na lilikuwa ni kile kitawi. Nimemkata aliyebebwa, nikamlisha mbebaji. Alisema siku ile alinieleza. Nilimjibu kwamba siku ile hakupaza sauti. Alipoondoka bado nilimsikia akicheka hadi kona ya barabara.

Nimekaa kando ya bustani mpaka miguu ikafa ganzi. Mchicha hauniumi. Ninaumia kwa ajili ya ule uso. Nilikuwa nao hapa, kwenye tumba moja la kijani, nikautupa kwenye maganda ya viazi. Nimehuzunika kwelikweli, na leo sina hila yoyote.

Jumamosi, 6 Aprili

Mvua kubwa. Hii hata mimi siwezi kuibishia. Imeanza mchana na haina dalili ya kuchoka.

Nilikwenda kumkabidhi Mama mkwe bustani yake. Chumba cha mkwe hakiingiliwi, kwa hiyo nilisimama kwenye ujia na kuanza kutafuta maneno. Wakati huo huo mke wangu akaingia kutoka kazini, sare imelowa, mkoba begani. Mama yake akamwita ndani. Nikabaki nimesimama, nikisikiliza maji yakigonga bati.

Mke wangu alitoka amebeba kopo la maziwa. Kopo lina udongo. Kwenye udongo kuna kitawi chembamba, majani matano matano, na juu yake waridi la krimu limefunguka lote. Katikati lina rangi ya asali kidogo. Ujia mzima ulinukia. Si bafta, si satini. Waridi.

Alisimama. Maji yanamtiririka kwenye viatu, mkoba bado begani, na amesimama. Uso ule.

Kutoka chumbani Mama mkwe alisema kwamba aliyelikata ni mimi, kwa mkono wangu mwenyewe. Yeye amelichomeka tu kwenye kopo na kuliweka dirishani kwake, maana hapendi kuona kitu kinatupwa. Kila neno lilikuwa kweli. Nilishindwa pa kutazama.

Mke wangu akanigeukia, na uso ule ule akageuka nao. Akaniuliza nilijuaje kwamba analipenda. Nikasema nilijua tangu aliposimama. Aliegemeza kichwa begani kwangu, na kopo likiwa katikati yetu nilichomwa na mwiba kifuani, wala sikusogea. Ningeweza kuchomwa mpaka asubuhi.

Baadaye Mama mkwe alitoka na bakuli la mbegu. Akauliza kama kesho bustani italimwa. Nikasema ndiyo, Mama. Alitabasamu kidogo sana, akaenda kuinjika chai.

Jumapili, 7 Aprili

Nimelima tangu alfajiri. Mchicha umepandwa mpaka mlangoni kabisa. Jemedari nimemwachia kona. Sikuwa na moyo wa kumng'oa, na yeye alinishika shati kwa miba kama anayeomba.

Mchana nimekaa jikoni nikatafakari haya yote kwa utulivu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na tena koleo langu halikuvunjika. Tuyaangalie mambo yalivyo. Nilichokimwagilia, nikakiwekea mbolea na kukipa cheo hakikutoa hata tumba. Nilichokikata kimechanua. Muuza miche anaweza kucheka anavyotaka, lakini mimi nimeiona kwa macho yangu. Siri ni kukata. Nadhani nina kipaji.

Kopo liko hapa dirishani mbele yangu. Mke wangu amelala, na kabla ya kulala alilinusa mara ya tatu. Natamani aamke akute mawili. Nikilitazama vizuri, kitawi kimeanza kuchipua majani mapya ubavuni, manene, yenye afya. Kikonyo kinachobeba ua ndicho kimekonda. Kimeinama kabisa. Ni wazi kinawanyonya wenzake.

Mkasi nimeshaunoa. Mama mkwe ameingia kuoga.