Bado Nakimbia: Ombi la Kurudishiwa Lango la Kumalizia

Jumatatu, tarehe 14 Oktoba. Asubuhi ya mawingu. Manyunyu yalianza kabla sijafunga kamba za viatu, yakakatika nilipomaliza kuzifunga. Upepo unatoka mbele.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Mbio Ndefu za Jiji.

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na umepumzika. Mimi ni mzima, ila sijapumzika, na hilo ndilo linaloniandikisha. Ni mkimbiaji wako namba 6118. Ninapoandika haya bado nimo mbioni. Nimesimama kidogo mezani, jambo ambalo kanuni zenu hazikatazi.

Kwa kazi mimi ni mpokezi katika kliniki ya meno, ghorofa ya nne. Mbio si kazi yangu wala si kipaji changu. Nilijiandikisha kwa sababu moja, na ni heri niiseme mapema ili usinione mkorofi. Dada yangu mkubwa, ambaye tumetenganishwa na ukuta tu, ananiita Nusu. Alianza nilipoacha kujifunza udereva baada ya kufika somo la kurudi nyuma. Jina likashika nilipomfumia sweta nikaishia mkono mmoja. Sweta hilo hakulitupa. Amelitundika sebuleni kwake, na mgeni akiuliza, anaelezwa tangu mwanzo. Nilipomwambia najiandikisha kukimbia kilomita arobaini na mbili, aliniuliza kama kamati haina za ishirini na moja, maana ndizo saizi yangu. Kwa hiyo nilikuja kwenu kutafuta kitu kimoja tu, nacho ni kumaliza.

Mlitupa kijitabu cha kanuni pamoja na fulana. Wenzangu wengi walikitumia kujipepea. Mimi nilikisoma chote, nikapiga mistari kwa kalamu nyekundu, nikakisoma tena. Malalamiko yangu yanatoka humo na sijaongeza langu.

1. Kuhusu lango. Kanuni ya tatu inasema kwamba mkimbiaji aliyeanza atahesabiwa yumo mbioni mpaka apite chini ya lango la kumalizia, au apande gari la kuokota waliochoka, au alale chini. Gari sikupanda. Dereva wake alinifuata kuanzia daraja la pili akiniomba kwa kipaza sauti, kwanza kwa heshima ya kazi, baadaye kindugu kabisa. "Shangazi, panda basi," alisema, "na mimi nina kwangu." Nilimpungia mkono apite. Tulipofika kituo cha mafuta alikata kona na sikumwona tena.

Nilifika uwanjani Jumapili hiyo ya tarehe 6, jioni, kwa miguu yangu mwenyewe. Lango lile la kujazwa upepo halikuwepo. Mafundi wenu wanne walikuwa wameshalitoa upepo na wanalibeba kuelekea kwenye lori, limelegea kama godoro lililolowa, nao wameikatiza njia yangu kutoka ukingo hadi ukingo. Mmoja akasema, "Mpisheni mama, ana haraka." Wenzake wakacheka, wakaliinua juu ya vichwa vyao kama unavyomwinulia mtu kamba ya kuanikia nguo. Nikainama, nikapita. Mbele yangu nikamkuta mfagiaji na viti vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Nilimuuliza mwisho uko wapi, akanionyesha kwa kidole lori likitoka getini. Nililifuata mitaa miwili. Lori halikusimama.

Jumanne mlitoa majina. Kwenye orodha ya waliomaliza simo. Kwenye orodha ya waliojitoa pia simo, na kwa hilo nawashukuru, maana ni kweli sikujitoa. Mtu ambaye hakumaliza wala hakujitoa, kwa kanuni yenu wenyewe, bado anakimbia.

2. Kuhusu kulala. Kwa kuwa anayelala chini anahesabiwa amejitoa, tangu Jumapili ile sijalala kitandani. Nalala kwenye kiti cha jikoni, nimevaa viatu. Mume wangu alijaribu kunishawishi kwamba kitanda si chini. Nilimwomba anionyeshe kanuni inayosema hivyo, akageukia ukutani. Ni mtu mpole, sina la kumlaumu. Mwanzoni alinipigia makofi kila nilipotoka bafuni. Siku hizi anapiga bila kunitazama.

3. Kuhusu msaada wa nje. Kanuni ya tisa inamkataza mkimbiaji kupokea chochote kutoka kwa mtu yeyote isipokuwa kwenye meza za kamati. Kwa kuwa meza zenu mmeziondoa, binti yangu ameweka moja koridoni, yenye vikombe na machungwa yaliyokatwa, na nimemkaimisha kama mtumishi wenu mpaka mtakapoleta wa kudumu. Jumatano mama mkwe alikuja na supu. Nilimwomba kwa adabu aiweke mezani, aondoe mkono, asogee, kisha mimi nipite niichukue. Akamwambia mwanawe kwamba amelea watoto saba na hakuna aliyewahi kumtaka asogee mbali na bakuli lake mwenyewe. Akaondoka nayo. Hasara hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naiweka mlangoni kwa kamati, pamoja na lawama zake, ambazo bado zinaendelea kwa simu.

4. Kuhusu namba. Inatakiwa ionekane kifuani wakati wote wa mbio. Nimeibandika kwa pini juu ya sare ya kazi. Wiki hiyohiyo kliniki ilitupiga picha za vitambulisho vipya, na changu sasa kinasomeka 6118 kwa tarakimu kubwa kuliko jina langu. Mlinzi wa getini ananiita Elfu Sita. Wagonjwa wananishangilia. Mmoja aliyekuwa na pamba mdomoni alishangilia mpaka pamba ikamtoka, ikabidi arudi kitini. Lifti siwezi kupanda kwa kuwa ni chombo cha usafiri, hivyo hufika juu nikiwa sina sauti ya kumuuliza mtu kama ana miadi. Daktari ni mtu wa subira. Aliniita pembeni akaniuliza kama siwezi, kwa muda tu, kukimbia nikiwa nimekaa. Niliahidi kuwauliza. Nauliza.

5. Kuhusu barabara. Mliahidi kwamba njia ya mkimbiaji itakuwa imefungwa kwa magari. Njia yangu ya kila siku ni kutoka nyumbani hadi kliniki, kupitia sokoni, na haijafungwa hata mara moja. Ijumaa nilisimama katikati ya makutano nikamwonyesha askari wa barabarani namba yangu. Aliisoma, akaniuliza ni ya kesi gani.

6. Kuhusu mshindi. Namheshimu yule kijana. Alikimbia kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka. Lakini mbio zenye mtu barabarani bado hazijaisha, na mbio zisizoisha haziwezi kuwa na mshindi. Hatujui mimi nitamaliza vipi. Naomba medali zote zikusanywe na zihifadhiwe mpaka hapo. Naomba pia mfikirie mwakani. Mkianzisha mbio mpya nami nikiwa bado kwenye hizi, siku ya kuanza nitakuwa nimewatangulia wote kwa mwaka mzima, na sitaki kushinda kwa njia hiyo. Watu watasema.

Ndugu Mwenyekiti, siombi makubwa. Lileteni lango mtaani kwetu, siku yoyote baada ya saa za kazi, pamoja na pampu yake na wale vijana wanne, ambao sina kinyongo nao. Lisimamisheni mbele ya geti la dada yangu. Nitatoka ndani, nitapita chini yake mara moja, mtaandika jina langu, na kila mtu atarudi kwake kulala. Kama hilo haliwezekani, basi nihudumieni kama mkimbiaji: meza ya maji kila baada ya kilomita tano hadi kazini kwangu, mtu wa huduma ya kwanza mwenye pikipiki, na angalau wapiga ngoma wawili pale kwenye ngazi za ghorofa ya tatu, ambapo moyo hunivunjika.

Ninachotaka ni neno moja kwenye karatasi yenu. Dada alikuja tena jana. Alitazama namba kifuani, akatazama viatu, akauliza medali inakaa wapi siku hizi. Nikamwambia iko njiani. Akasema naam, kama mkono wa pili wa sweta.

Nisalimie wanakamati wote, mtangazaji wa kipaza sauti, waliokata machungwa, mfagiaji wa uwanja, na dereva wa gari la kuokota. Mwambie nilimwelewa, na kwamba natumaini alifika kwake.

Ni mimi niliye bado barabarani kwa ajili yenu,
Mkimbiaji namba 6118.

Nyongeza. Jumanne, tarehe 15. Asubuhi ya jua, upepo umetulia.

Barua hii ilichelewa kufungwa kwa sababu jana jioni dada aliomba kuisoma kabla sijaitia kwenye bahasha. Najua alitegemea kukuta nimeiacha katikati. Aliisoma akiwa amesimama, na alipofika namba moja akarudi juu, akaisoma upya, akavuta kiti.

"Hebu ngoja," alisema. "Hili walilokuwa wamelibeba ndilo lango?"

Nilimwambia ndilo, limetolewa upepo.

"Wakaliinua juu. Na wewe ukapita chini yake."

"Niliinama."

"Ukitokea barabarani, ukiingia uwanjani."

Nilisema ndiyo, kwani ningetokea wapi.

Aliniomba kijitabu. Akasoma kanuni ya tatu kwa kidole, neno kwa neno, kama anavyosoma maelezo ya dawa. Haisemi lango liwe limesimama, wala kwamba liwe na upepo ndani, na kama limeshikwa na watu au na nguzo ni mamoja. Inasema mkimbiaji apite chini yake. Dada akafunga kijitabu, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Sasa wewe mtu," alisema, "ulitaka upite mara ngapi?"

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, ninalazimika kukueleza kwamba nilimaliza mbio zenu Jumapili ile ile, chini ya lango lenu halali, nikiwa nimeinama, na kwamba mitaa miwili ya mwisho nilikuwa nalifukuza lori lenye kitu nilichokwisha kukipita. Malalamiko namba mbili hadi sita nayafuta. Namba moja nayo imejifuta. Wapiga ngoma msilete. Kijana abaki na ushindi wake na mwambie nampongeza. Daktari nimemwarifu asubuhi hii nikiwa ndani ya lifti. Mume wangu aliposikia alipiga makofi, na safari hii alinitazama. Mama mkwe bado hajaambiwa. Tunatafuta namna.

Lililobaki ni lile neno moja. Naomba mniandike kwenye orodha ya waliomaliza, mwisho kabisa, ndiyo nafasi yangu na sigombani nayo. Mashahidi ni mafundi wenu wanne, na wa tano ni dada, ambaye hakuwepo ila hakubali kubishiwa.

Dada alipotoka jana nilidhani amekwenda kulala. Akarudi na sweta, bado liko kwenye hanga, na sindano zangu za kufumia, ambazo sikujua kwamba alizitunza miaka yote hiyo. Akaliweka mezani, juu ya bakuli la machungwa. Akasema, "Pumzika kwanza, mdogo wangu. Mkono huu mmoja umenitosha mpaka sasa, sina haraka."

Barua naituma kama ilivyo, pamoja na makosa yake, kwa sababu nimeiandika hadi mwisho.

Jana nilivua viatu. Nililala saa mbili kamili, kitandani, chali.