Kombe la Wastani

Jumatatu, 3 Machi
Mwalimu mkuu katangaza: darasa litakaloongoza kwa wastani litapewa kombe. La bati, lakini linang'aa! Darasa la Nne A ni langu. La Nne B ni la Bi Kicheko, ng'ambo ya ukuta wa mbao. Huyo anacheka tangu asubuhi. Nyumbani kwangu hata redio imekufa. Kombe nitalichukua, liwalo na liwe.

Jumanne, 4 Machi
Kikwazo ni watoto wa kiwanda cha matofali. Wazazi wanahamahama, wao wanaanza shule katikati ya muhula, wanasoma kwa kufuata kidole. Wastani unazama! Nimemwambia Bi Kicheko, kwa sauti ya asali, kwamba watoto hawa wanampenda mno. Akasema niwalete tu, mwalimu mwenzangu, tutabanana. Wajinga ndio waliwao! Wamehama wote, kila mmoja na kiti chake kichwani.

Jumatano, 5 Machi
Wastani umepaa! Wamebaki watoto wa maofisa na wenye maduka. Hawakosei. Hawaulizi kitu pia. Kengele ikilia, mbio tuisheni. Kumbe wale wa matofali ndio waliokuwa wakibaki kufuta ubao na kunibebea madaftari hadi mlangoni. Leo nimefuta mwenyewe. Machozi yamenitoka. Ni chaki tu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimebandika sikio ukutani. Wanasoma hadithi kwa zamu, mmoja akikosea wanacheka wote, na aliyekosea anacheka kuwashinda. Nimekwenda kulalamika kuhusu kelele. Mapengo, yule binti asiye na meno ya mbele, akaniamkia, akauliza siku hizi nakula mchana na nani. Nikamjibu nina kazi nyingi. Nimekula na makopo ya chaki.

Ijumaa, 7 Machi
Ushindi! Nilipokabidhiwa kombe, darasa langu lilikuwa limeshakimbilia tuisheni. Waliopiga makofi ni watoto wa matofali, hadi vumbi likatimka. Mapengo akauliza kama kombe ni la kunywea chai, waje tunywe wote. Nikasema hilo si la kuchezewa.

Sasa limekaa mezani kwangu, mbele ya kiti kitupu, limenielekea. Nimelimiminia chai. Linavuja. Upweke unauma, sifichi.

Nimetafakari sana, na somo nimelielewa: kombe moja halitoshi, linahitaji mwenzake. Jumatatu nawahamishia kwa Bi Kicheko wale mapacha wa mwenye duka. Hesabu zao zimeanza kulegea.