Mpangaji Wangu Anyimwe Viza ya Utalii

Bi. Bualai Khamsaen,
Kijiji cha Nong Waeng,
Kando ya Mto Mekong, Thailand.

Mheshimiwa Afisa wa Uhamiaji,

Pokea heshima zangu. Mimi ni mjane wa miaka sitini na mmoja, mwenye nyumba anayopanga Bwana Pentti, mzee wa Kifini anayeishi kwetu kwa viza ya utalii, mwaka wa saba huu. Juzi kijana wako wa dirisha la tatu alimwambia, "Mjomba, umezidi. Safari hii huenda tusikuongezee." Naandika kukuomba usilegeze kamba. Mnyime. Sababu ni hizi:

1. Hatalii. Mtalii ninayemjua mimi hupiga picha hekalu, hununua kofia, huumwa tumbo, huenda zake. Huyu ameona maporomoko ya maji mara moja tu, na siku hiyo yalikuwa yamekauka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu tukampa. Hajalirudisha hadi leo, na matuta ya vitunguu saumu nyuma ya jikoni ni yake. (Halipwi, msije mkasema anafanya kazi.)

2. Ana mdomo. Nikitwanga saladi ya papai bichi, anaonja, anatikisa kichwa mbele ya majirani: "Mama Bualai, leo pilipili imeogopa kuingia?" Tangu lini mtalii akalalamika kwamba chakula hakiwashi? Nilifedheheka, Afisa.

3. Kila miezi mitatu huvuka daraja kwenda Laos kutafuta viza nyingine kwenye ubalozi wetu wa huko, na kila akienda lazima tumfunge uzi mweupe mkononi, roho yake isije ikapotelea njiani. Watu wengine hufungwa uzi wakioa, wakiugua au wakienda jeshini. Sisi tunamfunga mtu kwa ajili ya mhuri. Mayai yanachemshwa, kuku anachinjwa, wazee wote wanakuja, na jirani yangu Bunlom hakosi kunichokoza: "Haya we Bualai, mtalii wako anakwenda kutalii ubalozini?" Mkono wa Pentti una nyuzi hadi kwenye kiwiko. Kuku wangu siku hizi wakiona pasipoti wanajificha.

4. Sheria inanitaka niripoti kila anaporudi. Jina lake nimeliandika kwenye fomu zenu mara nyingi kuliko nilivyowahi kuandika la marehemu mume wangu, na marehemu tulikaa naye miaka thelathini.

5. Siku mbili anazokuwa ng'ambo mimi hupika wali wa watu wawili kwa mazoea, nikaula peke yangu, nikachukia. Hasira hiyo imeletwa na serikali. Sababu hii nimeiandika na kuikata mara mbili, basi iacheni ilivyo.

Kwa hiyo naomba mojawapo kati ya mawili. Ama mumwamuru kwa barua yenye mhuri atalii, apelekwe kwa nguvu akaone mahekalu yote ya nchi hii na alete picha za kuthibitisha. Ama mumrudishe kwao kwenye theluji, ambako nasikia hakuna hata papai. Mtu hawezi kuwa mgeni miaka saba. Hata sisi wenyeji tumesahau jinsi ya kumkaribisha.

Nisalimie madirisha yote, la kwanza hadi la tano, na yule dada asiyecheka. Mwambie dawa ya miguu niliyomwahidi imepatikana.

Ni mimi, raia mtiifu mwenye kinyongo,

Bualai Khamsaen

Nyongeza: Humu ndani ya bahasha mna pasipoti yake, picha mbili na fomu ya kuomba kuongezewa siku. Mgongo umemkamata, hawezi kupanda basi, kwa hiyo fomu nimeijaza mimi na yeye ametia sahihi. Penye sababu ya kukaa nchini nimeandika "utalii", maana nafasi yenyewe ni ndogo. Tarehe ya kuondoka sikuijaza. Nimekaa na kalamu asubuhi nzima, mkono umekataa. Nakusihi, Afisa, ijaze wewe, na uiweke mbali.